Nilifuta oda, pesa ikarudi, sasa mzigo umeletwa: naombeni ushauri

Fundi_wa_Msamvu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, kibanda changu kiko karibu na stendi ya Msamvu. Mwezi uliopita niliagiza mashine ya ovaloki, ile ya kumalizia kingo za nguo, kwa duka moja la mtandaoni lililoko Kariakoo. Nikalipa 650,000 yote kwa simu, maana mikoani hawatumi mpaka ulipe kwanza. Wakaahidi mzigo utapanda basi kesho yake. Ikawa leo, ikawa kesho, mara gari limejaa, mara mtu wa stoo hayupo. Nilikuwa na sare za wanafunzi za kumalizia kabla shule hazijafunguliwa, nikawaandikia WhatsApp kwamba nafuta oda, warudishe hela. Wakajibu "sawa dada", ila pesa ilirudi baada ya kusumbuana sana, tena pungufu: 630,000. Elfu ishirini wakasema ni gharama ya usumbufu. Usumbufu gani wakati mzigo hata stoo haujatoka? Nikaachana nao, nikanunua ovaloki nyingine hapa hapa mjini.

Juzi natoka kwa mteja nakuta boksi kibandani kwangu. Bodaboda kalitoa ofisi ya mizigo ya basi, na binti ninayemfundisha kazi kasaini na kumlipa 3,000 yake, kwa sababu jina na namba ya simu ni vyangu. Ovaloki ile ile, mpya kabisa, na mota yake.

Hadi naandika hapa, dukani kwao hakuna aliyepiga simu. Mume wangu anasema irudi. Kaka yangu anasema hiyo ni riziki, na tena hao watu wamenila hela yangu. Mimi roho yangu haitaki kukaa na mali ya mtu, lakini nataka kujua: sheria inasemaje? Nauli ya kuirudisha ni ya nani? Na je, naweza kuishikilia mpaka wanipe elfu ishirini yangu?

Kijana_wa_Kigogo

Dada, kaa nayo. Kuna video nyingi mtandaoni zinasema ukiletewa kitu ambacho hujaagiza ni zawadi, ni kosa la muuzaji. Ulifuta oda kwa maandishi, wao wakatuma wenyewe. Nani kakuomba uwe mlinzi wa mali yao?

Mama_Junior_Reading

Mwanangu wa Kigogo, hizo video zinazungumzia sheria za huku. Naishi Uingereza na jambo kama hili limenikuta. Sheria za huku zinazolinda wanunuzi zinasema kitu ulichotumiwa bila kuagiza kabisa, kwa nia ya kukulazimisha ulipe, unaweza kukichukua kama zawadi. Marekani nao wana sheria ya namna hiyo kwa mizigo ya posta. Ziliwekwa kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakituma vitu majumbani, kisha wanadai pesa. Mtu aliyeagiza, akafuta, na duka likachanganya karatasi, hayo ni mambo mengine. Hata huku mali inabaki kuwa ya duka, na unachotakiwa ni kuwajulisha waje kuichukua.

Wakili_Mdogo

Mleta uzi, pole na hongera kwa kuuliza mapema. Nakujibu kwa sheria za hapa nyumbani.

Mkataba wenu uliisha pale mlipokubaliana kufuta oda na pesa ikarudi. Kwa hiyo hiyo ovaloki si yako, umekabidhiwa kwa makosa. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinamgusa mtu kama wewe moja kwa moja: aliyelipwa pesa au kupewa kitu kwa makosa anawajibika kukirudisha. Haijalishi kosa ni la nani. Na ukijua si yako, ukaanza kuitumia au ukaiuza, unasogea kwenye jinai. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinahesabu kuwa wizi si kuchukua tu, hata kugeuza mali ya mwingine iwe yako kwa hila. Binti yako kasaini karatasi ya kupokea, hivyo ushahidi kwamba mzigo ulifika kwako upo.

Kuhusu nauli, tulia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, haimlazimishi mnunuzi aliyekataa bidhaa kuibeba na kuirudisha mwenyewe. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba haipokei. Wewe mashine hiyo huitaki tena, kwa hiyo wajulishe na uitunze vizuri. Kuifuata au kulipia basi ni juu yao, na ile 3,000 ya bodaboda idai pia.

Andika ujumbe leo, usipige simu tu. Taja namba ya oda, tarehe uliyofuta, tarehe uliyorudishiwa pesa na tarehe mzigo ulipofika. Weka picha ya boksi. Wape muda unaoeleweka, wiki mbili zinatosha, wakujibu wanaichukuaje.

Bonge_la_Mtu

Wakili, na elfu ishirini je? Mimi ningeishikilia mashine mpaka walipe. Hawa wauzaji wa mtandaoni bila kubanwa hawalipi.

Wakili_Mdogo

Naelewa hasira, na elfu ishirini ni haki yake kabisa kama hawakumwambia kabla hajalipa kwamba kufuta oda kuna makato. Lakini hayo ni madai mawili. Ukiweka mashine ya 650,000 rehani kwa ajili ya 20,000, kesho wao ndio wanaokwenda polisi, na aliyedhulumiwa anageuka mtuhumiwa. Adai kwa maandishi. Wakikataa, malalamiko anaweza kuyapeleka Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa wauzaji ni kazi yao.

Mpakiaji

Naomba niongee kama mtu aliyepakia mizigo Kariakoo kwa miaka mingi. Mnaposema "duka limekosea", mnamwona tajiri. Oda zinaingia kwenye simu ya mhasibu au ya bosi. Orodha ya kupakia inaandikwa kwenye daftari asubuhi. Bosi akirudisha pesa jioni, hakuna anayekumbuka kufuta jina kwenye daftari. Kijana wa stoo analiona jina, anapakia, anapeleka stendi, kazi imeisha.

Siku ya kuhesabu stoo ovaloki moja haionekani kwenye mauzo. Nani anaulizwa? Yule yule kijana. Nimeona mtu akikatwa mshahara miezi kadhaa kwa mzigo aliopakia kwa kufuata daftari, na mwingine akafukuzwa kwa jina la mwizi. Tajiri hasara yake imeisha kwa kumkata kijana. Dada, ukirudisha hiyo mashine unamwokoa mtu ambaye elfu ishirini yako hakuigusa wala hajui habari zake. Na kwenye ujumbe wako andika wazi kwamba uliletewa kwa sababu jina lako lilikuwa bado kwenye orodha. Mstari huo mmoja unaweza kumsaidia sana.

Bonge_la_Mtu

Hapo kwa kijana wa stoo umenigusa, Mpakiaji. Ila elfu ishirini asiisamehe.

Ustadhi_Kihonda

Na asiisamehe, kuidai haki yake hakumpunguzii uaminifu. Kwa sasa hiyo mashine ni amana mkononi mwake. Isiguswe, hata kwa kujaribu mshono mmoja, na isikae mahali pa kunyeshewa au kuibiwa. Kama bado anaihitaji, awaambie wazi kwamba yuko tayari kuinunua, wakubaliane bei upya.

Fundi_wa_Msamvu

Asanteni sana, hasa Mpakiaji, hilo la stoo sikuwahi kuliwaza. Ujumbe nimeutuma na picha, na ule mstari nimeuweka. Kapiga bosi mwenyewe, kashangaa, hata hawakuwa wamegundua. Kasema nipeleke mzigo ofisi ya basi, nauli atalipia Dar ukifika, na 3,000 kairudisha hapo hapo. Elfu ishirini kasema "tutaangalia". Nimemwandikia kwamba naidai kivyake na mzigo siushikilii kwa ajili yake. Kaka yangu bado kanuna.

Mpakiaji

Safi. Funga boksi kwa gundi yao ile ile, kisha upige picha pande zote mbele ya mtu wa ofisi ya mizigo. Hakikisha stakabadhi imeandikwa ovaloki na mota, isiandikwe "boksi" tu, na ina namba ya gari. Mtumie bosi kabla basi halijatoka, na stakabadhi yenyewe ibaki kwako.