Tupeane uzoefu: kozi ipi ya lazima ilikutoa jasho kwenye digrii ya Uhusiano wa Kimataifa?

Mzee wa Itifaki

Wakuu, heshima kwenu.

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haitulii. Wapwa, watoto wa majirani, mpaka fundi wa gari langu kaniletea binti yake: "Anko, nataka kusoma Uhusiano wa Kimataifa niwe balozi." Namuuliza kama ameangalia kozi za mwaka wa kwanza, ananikodolea macho. Kwanza balozi anateuliwa na Rais, hakuna digrii inayokupa ubalozi. Pili, vijana wengi wanalipenda jina la digrii na zile bendera, hawajui kwamba ndani yake kuna uchumi, kuna takwimu, kuna sheria, na kuna lugha ya kigeni isiyokwepeka.

Kuingia hakuna maneno mengi. Hapa Tanzania kwa aliyetoka kidato cha sita wanaanzia prinsipo mbili (ufaulu wa ngazi kuu kwenye masomo mawili) zenye jumla ya pointi 4, na watoto wa tahasusi za HGL, HGK, HKL na HGE wote utawakuta darasani. Masharti ya ziada yako kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), soma mstari wa chuo chako. Wenzetu Kenya wanaanzia C+ ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari. Shughuli yenyewe iko ndani.

Mimi nilitoka HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) nikijua nimeshaagana na grafu. Semesta ya kwanza nakutana na uchumi mdogo (micro), ya pili uchumi mkubwa (macro), mwaka wa pili biashara ya kimataifa. Darasa lilijigawa lenyewe: waliotoka HGE, yenye somo la uchumi, mbele, sisi watu wa lugha nyuma tunasubiri wenzetu watueleze ubaoni kumeandikwa nini. Leo hiyo ndiyo kozi inayonilisha. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na Julai 2022 kikaongezwa cha 35. Mnaingia kikaoni asubuhi, mpaka saa saba mchana watu bado wanabishania samani ziwekwe kiwango kipi: mwenye kiwanda anataka alindwe, mwagizaji anasema atakayeumia ni mnunuzi. Anayeweza kuonyesha nani atalipa na kiasi gani ndiye anayesikilizwa. Aliyekariri nadharia tu anapewa kazi ya kuandika muhtasari.

Karibuni. Taja kozi, taja uliipitaje au ilikupitaje. Majungu ya kutaja vyuo na walimu kwa majina yabaki nje ya uzi huu.

Fildi Kigoma

Mkuu umeniwahi. Kwangu Kifaransa. Kilikuwa cha lazima semesta zote, na hakina ujanja wa kusoma usiku mmoja kabla ya mtihani. Mtihani wa mdomo unaingia peke yako, mwalimu anakuuliza jana ulifanya nini, na wewe ulichojiandaa nacho ni familia yako na siku za wiki. Nilikula sapu (mtihani wa marudio) moja pale, nikaimaliza Septemba.

Nikawa najiuliza nitakitumia wapi. Fildi nikapangiwa Kigoma, kwenye shirika linalohudumia wakimbizi kambi ya Nyarugusu. Na Wakongo tunaelewana kwa Kiswahili vizuri tu, tena wengine wananipita kwa methali. Lakini mmoja wao akishafungua bahasha ya plastiki aliyoihifadhi miaka yote, kila karatasi ni Kifaransa: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, diploma ya ualimu, barua ya hospitali. Ofisi nzima tuliokuwa tunaweza kuzisoma tulikuwa wawili. Wiki ya pili nikahamishwa kutoka kupanga mafaili kwenda kukaa kwenye usaili wa wakimbizi.

Takwimu Zimenishika

Takwimu. Niko mwaka wa pili, sina nguvu ya kueleza zaidi. Wakuu endeleeni.

Jirani wa Mombasa

Ndugu zangu wa Bongo hamjambo. Sisi huku iliyotukalia ngumu ni sheria ya kimataifa, hasa sheria ya bahari. Ule mkataba uliotiwa saini Montego Bay mwaka 1982 una vifungu zaidi ya 300, na mhadhiri wetu hakutaka muhtasari wa mtandaoni hata kidogo. Alituletea ramani ya pwani, rula na penseli, akasema: "Kenya na Somalia, chora mpaka wa baharini, kisha utetee mstari wako."

Hapo ndipo nilipojua kuna kazi. Mpaka wa nchi kavu unafika baharini kwenye nguzo namba 29, na mahali penyewe panaitwa Dar es Salaam. Ndiyo, Dar es Salaam, lakini si hiyo yenu. Kutoka hapo Kenya ilitaka mstari uende moja kwa moja mashariki ukifuata latitudo. Somalia ilitaka mstari wa katikati, ulio umbali sawa kutoka pwani zote mbili, ambao unashuka kusini mashariki. Katikati ya mistari hiyo miwili panabaki pembetatu kubwa ya bahari, yenye samaki na matumaini ya mafuta. Somalia ilipeleka kesi Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka 2014. Kenya ikasusia vikao vya Machi 2021, na tarehe 12 Oktoba mwaka huohuo Mahakama ikachora mstari wake, ulioegemea zaidi upande wa Somalia. Kenya ikaukataa uamuzi.

Darasani nusu tulikuwa tumechora latitudo kwa uzalendo. Mhadhiri hakutugombeza, aliuliza tu: "Kifungu gani?" Kimya. Wengi walipata D siku hiyo. Mimi nasema hiyo ndiyo kozi moja ya digrii nzima ambayo haiwezi kusomwa kwa kusikiliza habari za saa mbili.

Bibi wa Michenzani

Assalaam alaykum. Mimi sikusoma digrii hiyo ila nimeipikia chai miaka mingi. Napokea wanafunzi kutoka Marekani wanaokuja Unguja kusoma Kiswahili, tangu enzi za TAKILUKI (Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni) mpaka sasa chuo kiko chini ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wengi wao ndiyo hiyo hiyo wanayoisoma, na wanaambiwa makwao hawahitimu bila lugha ya kigeni, na baadhi yao lazima wakae nje ya nchi muda fulani. Nyinyi mwalilia Kifaransa, wao walilia ngeli.

Yupo mmoja alikuwa akiosha vyombo huku akivihesabu kwa sauti: kikombe kimoja kichafu, vikombe viwili vichafu, sahani moja chafu, akikwama kwenye kijiko anarudi mwanzo. Mjukuu wangu yuko likizo kutoka Nairobi akamwambia, "Nipe ile kisu." Mgeni akainua kichwa: "Kile kisu." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jirani wa Mombasa usinikasirikie, nyinyi watu wa pwani najua mwasema vizuri.

Mtoto wa Uvira

Bandugu, asante kwa uzi. Mama wa Michenzani shikamoo.

Mimi niko Marekani, nilifika nikiwa mkimbizi. Digrii yangu ilikuwa na masharti matatu mazito: uchumi, lugha ya kigeni mpaka kiwango cha kati, na semesta moja nje ya nchi. Kila mwanafunzi anachagua pia eneo moja la dunia; mimi nikachukua Afrika, na somo la kwanza likawa mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Kusikia wanagawa mto wenu wa Kongo mezani, wewe umekaa mstari wa nyuma na kofia ya baridi, ni kitu kingine.

Lugha niliimaliza kwa Kiswahili. Chuo changu hakikifundishi, ila walikubali mtihani wa mazungumzo kwa simu. Mtahini anakupandisha polepole: kwanza habari za nyumbani, halafu anakupa igizo (mimi nilipangiwa kumlalamikia mwenye nyumba kuhusu bomba), mwisho anakutaka utetee hoja kuhusu siasa. Wadogo zangu mlioko huku, ulizeni mapema kama idara inakubali jambo hili, maana nimeona watoto wa Kiswahili wanaanza Kihispania sifuri kwa kutokujua.

Semesta ya nje ndiyo ilinisumbua. Mkimbizi ambaye bado hajapata uraia wa Marekani husafiri kwa hati ya mkimbizi, unaiomba kwa fomu ya I-131, inadumu mwaka mmoja, na inaweza kuchelewa kuliko tarehe ya chuo. Kurudi nchi uliyoikimbia nako kunaweza kukuharibia kesi. Yule mshauri wa masomo hakuwa analijua hili, akawa ananitumia vipeperushi vya Paris. Nilimwandikia mkuu wa idara barua ya ukurasa mmoja nikaeleza hali yangu, wakaniruhusu nifidie kwa mafunzo kazini kwenye ofisi inayopokea wakimbizi wapya. Sharti lilikuwepo kwa maandishi, na nafasi ya kulifidia ilikuwepo kwa maandishi pia, ukurasa wa nyuma kabisa.

Ajira Portal

Mimi napinga kidogo. Mnasifia uchumi na Kifaransa, lakini vijana wanamaliza na GPA nzuri, wanafika usaili wa Sekretarieti ya Ajira ya serikali wanaachwa kwenye mtihani wa kuandika. Kozi iliyonisaidia mimi ni ile iliyodharauliwa na darasa zima: kuandika nyaraka za kidiplomasia. Noti, hotuba fupi, muhtasari wa mazungumzo. Saa mbili, ukurasa mmoja, ukizidi unakatwa alama.

Mzee wa Itifaki

Ajira Portal, nakubali, ingawa muhtasari mzuri wa jambo usilolielewa bado ni tatizo.

Kidato cha Sita 2025

Shikamooni. Mimi nina HGK, prinsipo ziko vizuri, ila hesabu za fomu foo nilipata F. Nitachukuliwa? Na Kichina kinafaa kuliko Kifaransa?

Mzee wa Itifaki

Marahaba. Inategemea chuo: kuna programu zinadai ufaulu wa hesabu za kidato cha nne au BAM (hesabu za msingi za kidato cha tano na sita), nyingine hazidai. Fungua mwongozo, tafuta jina la programu, soma safu ya masharti neno kwa neno kabla hujalipia maombi. Halafu piga simu idarani uombe orodha ya kozi za miaka yote mitatu, watakutumia. Kichina au Kifaransa, chukua ile yenye mwalimu chuoni kwako semesta zote. Kuna vyuo vinaorodhesha lugha nne na walimu wako wa mbili.