MJADALA: Bei ya mafuta iwe moja nchi nzima, sisi Kigoma kwanini tulipie umbali?

Wadau habari za jioni. Kuna jambo linaniuma nataka tulijadili bila matusi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo (bei ya juu kabisa inayoruhusiwa) wilaya kwa wilaya, na kila nikiangalia, petroli ya Kigoma inazidi ya Dar kwa zaidi ya shilingi mia mbili kwa lita. Sababu naijua, mafuta yanashuka bandarini, yanapakiwa kwenye tenka au behewa, yanakula zaidi ya kilomita 1,200 ndo yafike huku. Hesabu siibishii. Nabishia nani ailipe, mimi nataka iingie kwenye mfuko mmoja tuchangie nchi nzima.

Mimi nina boti, napakia abiria na mizigo Kibirizi kwenda Mwamgongo mpaka Kagunga, watu wa huko usafiri wao ni maji. Kwenda na kurudi injini inameza kama lita 60, ziwa likichafuka zaidi. Kwahiyo kila safari elfu kumi na mbili inaondoka kulipia umbali tu, bado sijagusa oili wala kijana wa injini. Juzi nimepandisha mzigo mia tano kwa dumu. Kuna mama alikuja Mwamgongo na madumu mawili ya mawese, akahesabu hela zake mara mbili, akaniangalia, akamwita shemeji yake akamwachia dumu moja pale mchangani. Lile dumu lingeuzwa Kigoma mjini siku hiyo hiyo na hela ingerudi kijijini jioni. Haikurudi.

Watu wanasema mafuta ndo yanaendesha uchumi, sawa, lakini uchumi nao unayaendesha mafuta. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanda na ndege, wanunuzi wakapotea, mpaka tarehe 20 Aprili mafuta ghafi ya Marekani yalifika chini ya sifuri, dola 37 hasi kwa pipa, yaani mwenye mzigo alikuwa tayari kukulipa umwondolee. Vita ya Ukraine 2022 pipa likavuka dola 100 na sisi huku Katonga tukalisikia kwenye nauli. Na huku pembezoni ni mzunguko mbaya zaidi, mafuta ghali yanabana biashara, biashara ndogo inanunua mafuta kidogo, sheli zinakuwa chache, mwenye sheli hana haraka ya kushusha bei kwasababu huna pa kwenda.

Na tukiguswa kwenye mafuta tunaguswa kweli. Mnakumbuka 2011, serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kukomesha uchakachuaji, yaani watu wa sheli kuyachanganya kwenye dizeli kwasababu yalikuwa rahisi. Nia ilikuwa nzuri. Ila wavuvi wa dagaa walikuwa wanavua kwa karabai, taa za mafuta hayo hayo, kwahiyo wizi wa watu wa sheli ukalipwa na mvuvi katikati ya ziwa usiku wa giza. Ndo wengi wakakimbilia taa za betri.

Naomba maoni.

Dereva wa tenka, Tabora:
Mkuu mleta mada, mimi naendesha tenka mwaka wa tisa huu. Hiyo mia mbili unayoilalamikia ndo mshahara wangu, ndo matairi, ndo dizeli yangu. Ukisema bei moja haifutiki, inahamia kwa mwingine, mwenye bajaji wa Mbagala aanze kukulipia wewe. Halafu mfuko ukilipa usafiri wa mbali kuna watu watasaini karatasi za Kigoma wamwage mzigo Morogoro. Kumbukeni bei moja ya mahindi miaka ya 1970, Rukwa na Ruvuma walilima kwelikweli ila serikali ilibeba gharama ya kusafirisha mpaka ikachoka. Na Burundi je? Wenzetu wana uhaba wa muda mrefu, dola za kuagizia hawana, ukishusha bei Kigoma madumu yatavuka mpaka wa Manyovu usiku.

Mdau wa Nzega:
Bomba la mafuta la kutoka Hoima Uganda linapita huku kwetu, mabomba yenyewe yalikuwa yanavikwa ganda la kutunza joto hapa hapa Sojo. Kwanini tusichote humo humo?

Muuza dagaa, Mwanga Kigoma:
Mimi sijui mambo ya mfuko. Ninachojua bei ya mafuta ikipanda kiroba kinapanda kesho yake, ikishuka hakishuki. Hilo nalo mlijadili.

Mleta mada:
Mdogo wangu wa Nzega, lile ni mafuta ghafi, tena mazito yanaganda mpaka bomba lipashwe moto njia nzima kilomita 1,443 hadi Chongoleani Tanga, yakifika yanapanda meli. Mtambo wa TIPER pale Kigamboni uliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990, kwahiyo hata tukiyachota hatuna pa kuyasafishia.

Dada wa Mwanga umesema kweli tupu, na mimi nimo, nauli nikishapandisha nashusha kwa shida.

Kaka dereva, mahindi umenibana na Burundi umenibana, nakubali. Ila nisikilize hapa. Mwaka 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini, 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa miradi mikubwa. Hiyo tozo Dar na Kigoma tunakatwa sawasawa, hakuna anayesema huyu yuko mbali apunguziwe. Kwahiyo kwenye kutoa nchi ni moja, kwenye bei kila mtu na wilaya yake? Juni 2022 serikali iliweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi mmoja, kwahiyo njia ya kupitishia inajulikana. Ghana wana mfuko wa kusawazisha gharama za kusafirisha mafuta, aliye mbali na bandari haumizwi peke yake. Sitaki mshahara wako uguswe, nataka ulipwe na wote.

Kuhusu kumwaga mzigo Morogoro, tenka ikifungwa kifaa cha kufuatilia, na malipo yakatoka baada ya ghala la Kigoma kupima na kusaini, mwizi anapitia wapi? Wewe ndo unaijua ile barabara, tuambie.