Tupeane uzoefu: watafiti wa biashara, mnatafiti nini, na jioni mnafanya nini?

Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha na kutafiti biashara ndogo hapa Dar. Kinachoninyima usingizi ni upatu: mama lishe hupeana zamu ya fedha bila mkataba wala dhamana, na mchezo unaendelea miaka. Nini hasa kinawashika?

Nikitoka kazini nacheza bao. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 za akiba, kwa hiyo mapema tu unazoea kuhesabu na za mwenzako. Barazani pia nasikia habari za madeni ambazo hakuna mtu angenijazia kwenye dodoso. Siziandiki popote, ya baraza hubaki barazani. Wenzangu je?

Mchangiaji, Moshi: Mkuu, umenigusa. Natafiti ushirika wa kahawa. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima Kilimanjaro, kilianzishwa 1933, na hadi leo wakulima wanabishana nani abebe hasara bei ikishuka mnadani. Jumamosi niko kihambani, shamba la nyumbani kwa wazazi: napunguza maotea (machipukizi ya mibuni), nachuma mbivu tu, tunazimenya siku hiyohiyo maana zikilala ubora unashuka. Shamba ndilo limenifundisha maswali. Nikifika kwa mkulima siishii kwenye bei ya mbolea. Nauliza nani alichuma, nani alibeba maji ya kuoshea, nani alikimbilia kufunika kahawa mvua ilipotanda. Hapo mama wa nyumba, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye anaanza kuongea. Na hesabu ya faida inabadilika kabisa.

Mchangiaji, Nairobi: Mimi ni pesa za simu. M-Pesa ilianza 2007, na wachumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba imetoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini. Nafuatilia upande mwingine, mikopo ya simu. Nje ya kazi ni kwaya. Huko sitafiti mtu, na sitaki.

Mchangiaji, Morogoro: Shikamooni. Ndiyo naanza uzamili. Napenda kupanda Uluguru, ila nashauriwa niache mpaka nimalize tasnifu. Nyie mlifanyaje?

Mwanzisha mada: Marahaba. Usiache, mdogo wangu. Sura yangu ngumu kuliko zote niliipanga nikiwa nje ya ofisi.

Mchangiaji, Moshi: Marahaba. Panda alfajiri, kabla hujafungua data. Ukishaifungua, hutoki tena.