Mjadala: Je, walimu wana la kujifunza kwa watunzi wa michezo ya video?

Hoja mbili zimetawala suala hili. Ya kwanza inasema kwamba michezo ya video inawaharibu watoto, hivyo mwalimu hana la kutafuta huko. Ya pili inataka darasa lenyewe ligeuzwe mchezo, kwa pointi, nishani na orodha ya vinara ukutani. Nazipinga zote mbili, na hii ya pili naipinga kwa nguvu zaidi.

Tutazame Super Mario Bros., mchezo uliotolewa na Nintendo mwaka 1985 chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto. Hatua yake ya kwanza haina maelekezo yoyote ya maandishi. Mhusika anaanzia kushoto mwa skrini na mbele yake kuna nafasi tupu, kwa hiyo mchezaji anaelewa bila kuambiwa kwamba safari ni ya kwenda kulia. Adui wa kwanza anakuja peke yake, polepole. Anayeshindwa kumruka anakufa, lakini kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza anaanza, hapotezi sana: ni sekunde chache na nafasi moja kati ya tatu alizoanza nazo. Karibu na mwisho wa hatua hiyo kuna ngazi mbili za matofali zinazotazamana, na kati yake ardhi ni imara, hivyo anayekosea kuruka anaangukia chini na kupanda tena. Mbele kidogo zinakuja ngazi nyingine mbili kama zile, ila safari hii kati yake kuna shimo. Huo ni ualimu wa hali ya juu: zoezi limetangulia, mtihani umefuata, na kinachopimwa ni kile kile kilichofanyiwa mazoezi.

Sasa tuingie katika somo la hisabati, shule ya msingi. Watoto wamefundishwa kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) sawa, kisha zoezi linawataka wajumlishe nusu na theluthi. Mtoto anajumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili, anapata mbili ya tano, anawekewa alama ya kosa, na daftari linamrudia siku kadhaa baadaye, wakati darasa limeshahamia kwenye desimali. Kosa lake lina mantiki, na angeweza kuligundua mwenyewe kama angetakiwa kuchora jibu, kwa sababu mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Aidha, kabla ya theluthi angepewa nusu na robo, aone kwa macho kwamba nusu ikikatwa katikati inakuwa robo mbili.

Gharama ya kukosea nayo ni kubwa mno kwetu. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, tena kwa makosa makubwa ya nidhamu, wala si kwa kukosa jibu. Hata hivyo, mtoto anayehofia kwamba jibu baya litamletea fimbo au kicheko cha wenzake hanyooshi mkono. Anasubiri amnakili jirani yake.

Kuhusu pointi na nishani, hizo tunazo tangu zamani: ni ile nafasi ya kwanza hadi ya mwisho inayosomwa siku ya kufunga shule. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambamo watoto wa chekechea waliopenda kuchora waliahidiwa cheti iwapo wangechora. Baadaye, cheti kilipokuwa hakipo tena, watoto hao walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa chochote.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mwalimu mwenye watoto 80 au zaidi darasani, ambaye muhtasari wa somo unamkimbiza. Nakubali kwamba kupanga mazoezi kwa ngazi kunakula muda. Lakini mpango huo ukishaandikwa unatumika miaka mingi, hauhitaji kompyuta wala umeme, na watoto wanaweza kubadilishana madaftari wakasahihishana kabla kipindi hakijaisha.

Kwa hiyo, wanaosema hatuna la kujifunza huko naomba wanijibu hili: katika somo unalofundisha, mwanafunzi anapewa nafasi ngapi za kukosea na kurudia kabla ya kosa lake kuandikwa kwenye ripoti?