Tupeane uzoefu: mvua za siku hizi zimekukuta wapi?

Mlau: Wakuu, salaam. Mimi ni wa bondeni Rufiji, mafuriko kwetu si mgeni. Babu alikuwa akiyangoja: maji yakishuka anapanda mahindi na kunde kwenye tope, ndio kilimo cha mlau. Kwenye mwembe wetu alichonga alama ya maji ya 1998. Aprili 2024 alama ile ilizama. Mama tulimtoa kwa mtumbwi, kakumbatia gunia la mbegu, na lenyewe lilikuwa limeshalowa. Nyie kwenu vipi?

Wa Kajiado: Poleni sana. Sisi kilio chetu kilikuwa ukame. Kuanzia Oktoba 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mikavu. Kila asubuhi tuliinua ng'ombe kwa mikono, wawili mkiani, wawili pembeni mwa mbavu. Aliyeshindwa kusimama mpaka saa nne, mzee alitoka pale bila kusema neno. Kati ya 60 walibaki 7. Halafu Novemba 2023 mvua ikaja kwa hasira, ardhi imekauka kama sakafu, maji hayaingii. Mbuzi niliowanunua kuanzia upya wakafa kwa baridi usiku mmoja.

Katesh: Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 nilisikia mngurumo nikadhani ni lori. Lilikuwa tope na magogo kutoka Mlima Hanang. Tulizika watu zaidi ya 80. Samahani, siwezi kuandika zaidi.

Ticha wa Jiografia: Pole, Katesh. Wa Kajiado, ukame wako na mafuriko yale vina mzizi mmoja. Joto la hewa likipanda nyuzi 1, hewa inabeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Isiponyesha, inafyonza unyevu wa udongo. Ikinyesha, inamwaga kwa mkupuo. El Nino ilikuwepo tangu enzi za babu, na Bahari ya Hindi kupata joto upande wetu pia. Ila wanasayansi waliochunguza mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 walikuta joto la dunia limeziongezea ukali, pengine hadi maradufu.

Mlau: Asante, Ticha. Nusu ya shamba tumehamishia juu, mpunga wa muda mfupi. Wa Kajiado, wale 7 je?

Wa Kajiado: Wako 11 sasa. Nimechimba silanga, yaani bwawa dogo la kukinga maji ya mvua, na nyasi nakata zingali kijani, nafunga marobota.