Binti atatimiza miaka saba tukiwa safarini: aingie kundi gani la klabu ya watoto melini?

NyarKisumo
Wanajukwaa, hamjambo. Wifi yangu anayeishi Uingereza ametualika tujiunge na familia yake mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, kwa safari ya siku saba ya meli ya kitalii itakayong'oa nanga Barcelona na kuzunguka bandari za Mediterania. Mambo ya viza na nauli tumeyapanga. Linalonikosesha usingizi ni jambo ambalo mume wangu analiona dogo.

Kijana wangu ana miaka tisa na yuko Gredi ya 4. Dada yake ana miaka sita, na atatimiza saba siku ya tano ya safari. Wifi anapendelea meli za MSC, ambako watoto wa miaka 3 hadi 6 huwa na klabu yao na wa miaka 7 hadi 11 yao, kwa hiyo binti yangu atacheza na watoto wa miaka mitatu huku kaka yake akiwa chumba kingine. Je, niombe apandishwe?

Ninasita kwa sababu moja. Mwaka jana, kanisani kwetu hapa Milimani, alipandishwa darasa la Jumapili kwa kuwa anasoma vizuri kuliko wenzake. Jumapili ya tatu nilimkuta ameketi kwenye ngazi za nje, viatu mkononi, akaniambia kwamba wale wakubwa humaliza kucheka kabla yeye hajaelewa kichekesho.

BabaPacha_Nakuru
Dada, sema tu ana miaka saba. Siku nne ni nini?

BahariaMstaafu_Bungoma
Kaka wa Nakuru, hapo utampotosha mwenzetu. Nilifanya kazi ya usafi wa vyumba melini kwa miaka kadhaa, na tarehe ya kuzaliwa ya kila abiria ilikuwa kwenye orodha, imetoka kwenye paspoti, kabla hata mtu hajapanda ngazi. Umri unaozingatiwa kwa kawaida ni ule wa siku ya kupanda meli, na mtoto akitimiza mwaka mwingine baharini atakatiwa keki, lakini kundi halibadiliki kwa sababu ya keki.

Mama, alasiri ya kwanza utakuta wazazi wamepanga foleni mlangoni pa klabu wakijaza fomu: mtoto hapatani na chakula gani, ana dawa gani, na nani anaruhusiwa kuja kumchukua. Ukifika hapo ndipo uanze kubembeleza, umechelewa. Katika meli yetu, ombi la kumpandisha mdogo lilikataliwa karibu kila mara. Ombi la kumshusha mkubwa ili akae na mdogo wake lilisikilizwa, mradi nafasi ipo. Waandikie kabla hujalipa, na jibu lao ulichapishe ulibebe, kwa maana anayejibu barua pepe siye atakayesimama mlangoni.

MwalimuWaGredi_Kakamega
Mimi ningelianzia mahali pengine kabisa. Mnajadili chumba, na meli yenyewe bado hamjailipia. Kila kampuni hukata rika mahali pake: Norwegian huwaweka pamoja watoto wa miaka 6 hadi 9, kisha 10 hadi 12, Carnival wana 6 hadi 8, kisha 9 hadi 11. Kwa watoto wako, meli ya Norwegian ingewaweka wote wawili chumba kimoja bila kumwomba mtu yeyote, ilhali ya Carnival ingewatenganisha hata kama binti angekuwa ameshatimiza saba.

Kumshusha kijana nisingekubali. Mvulana wa miaka tisa aliyeketishwa na watoto wa miaka mitatu wanaopaka rangi samaki wa karatasi hatarudi huko siku ya pili, na dada yake atabaki peke yake vilevile. Ikiwa itabidi mwende na MSC, basi binti aanze na kundi la umri wake. Kuwa mkubwa kati ya wadogo si aibu. Mtoto wa aina unayoieleza mara nyingi huchangamka anapokuwa yeye ndiye anayejua zaidi, na kundi la hadi miaka 11 lina watoto wa kimo cha Gredi ya 6, ambao ndio hasa wale wa vichekesho.

ShangaziBusia
Naongezea kwamba umri peke yake si tiketi. Kwa mfano, Royal Caribbean hawapokei mtoto wa miaka mitatu klabuni kama bado anavaa nepi. Soma masharti yote.

NyarKisumo
Asanteni sana. Mwalimu, sikuwa nimefikiria kwamba meli yenyewe inaweza kuchaguliwa kwa kuangalia rika. Nimezungumza na wifi jana usiku, naye amekubali kutafuta safari ya Norwegian itokayo Barcelona kwa tarehe zinazokaribiana na zetu. Bei ikitushinda, tutabaki na MSC na binti ataanza na wadogo. Nimemweleza, akauliza swali moja tu: kama kaka yake ataweza kuja kumchukua akichoka.

BahariaMstaafu_Bungoma
Kule nilikokuwa, hapana. Watoto wa umri huo hutolewa na mzazi au mtu mzima aliyeandikwa kwenye fomu, kwa saini. Mwandikisheni na shangazi yao, na kila asubuhi mwambie binti ni nani atakuja na saa ngapi.

NyarKisumo
Basi wifi ataandikwa wa kwanza, maana mume wangu huwa anasinzia baada ya chakula cha mchana.