Dizeli inanimaliza kwenye ngano, nifanyeje?

Kijana wa Igoma: Wakuu habari, mi niko Mwanza ila nalima ngano na bro kule Hanang, trekta linalima mara mbili afu haro ya kuvunja mabonge juu yake, dizeli inakula faida yote. Kuna namna?

Dereva Trekta: Acha kugeuza udongo mkuu, panda moja kwa moja kwenye mabua. Cheki na matairi, yakiteleza unachoma mafuta bure

Mama Buzuruga: Dizeli mnaiona, mbolea je? Yurea ni naitrojeni 46%, inatengenezwa sanasana kwa gesi asilia, mara nyingi nishati ya kuitengeneza inazidi hata dizeli ya trekta. Pimeni udongo, wekeni kwa awamu, sio kurusha kama mnalisha kuku 😂

Kijana wa Igoma: Daah mbolea sikuiwaza kabisa. Matairi nayo vipara